Programu ya zamani imegoma baada ya kompyuta kuzimika ghafla: namna ya kuirudisha bila kupoteza hesabu

Msimu wa korosho ukifunguka, simu yangu hapa Mtwara mjini hailali. Nyingi zinatoka Newala, Tandahimba na Masasi, na maneno yake yanafanana: "Fundi, umeme umekatika tukiwa tunaingiza mizani, sasa ile programu ya bluu haifunguki." Wanazungumzia zile programu za zamani zenye skrini ya bluu na maandishi ya njano, zisizojua kipanya, unazoziendesha kwa kuandika amri na kubonyeza F2 au F10. Ziliandikwa kwa lugha za programu za zamani kama Clipper, dBASE, FoxPro au Pascal, nyingine kabla karani anayezitumia leo hajazaliwa. Lakini ndani yake mna majina ya wakulima, kilo zao na malipo yao, na ndiyo maana nazichukulia kwa uzito.

Mara nyingi mwenye programu huambiwa kwamba imekufa, anunue mpya. Mimi siamini mpaka nione. Faili la programu lenyewe kompyuta hulisoma tu, hailiandiki. Umeme ukikatika linabaki kama lilivyokuwa. Kinachoumia ni vile vilivyokuwa vinaandikwa dakika ile ile: data, faharasa (orodha ya kutafutia rekodi) na mafaili ya muda. Halafu vinaumia mara ya pili kwa mikono ya watu. Kuna chama kimoja cha msingi ambako kijana aliitwa, akapiga Windows upya juu ya diski ile ile, asubuhi moja tu. Nilipofika, katibu, mzee wa makamo ya baba yangu, aliniitikia shikamoo yangu kwa sauti ya chini kisha akasema, "Mwanangu, kilo za wiki tatu zimekwenda." Programu ilikuwepo kwenye flashi ya zamani. Kilo ndizo hazikuwepo.

Kwa hiyo tunaanza kwa kutogusa.

Hatua ya 1: nakili kwanza

Kompyuta ikiwaka, usiifungue programu tena kwa kujaribu. Kila unapoijaribu inaandika kitu. Usiruhusu pia ukaguzi wa diski, ule unaojitokeza wenyewe Windows inapowaka na kuhesabu sekunde kurudi nyuma. Bonyeza kitufe chochote kuuzuia. Ukaguzi huo, yaani CHKDSK, kazi yake ni kunyoosha mpangilio wa diski. Ukikuta vipande visivyo na mwenyewe huvikusanya kwenye folda iliyofichwa iitwayo FOUND.000, kwa majina kama FILE0000.CHK, na kuanzia hapo kujua kipi kilikuwa cha wapi ni kazi ya kutwa nzima. Nakala ikishapatikana, uache ufanye kazi yake.

Njia salama ni kuichomoa diski, kuiunganisha kwenye kompyuta nzima kwa kebo ya USB, na kunakili folda yote ya programu, si data peke yake. Tuseme diski imesomeka kama F:

robocopy F:\HESABU D:\NAKALA\HESABU /E /COPY:DAT /R:1 /W:1

Usiziache zile /R:1 na /W:1. Bila hizo robocopy ikikutana na faili bovu itarudia mara milioni moja, ikisubiri sekunde 30 kila mara, huku diski yako inayougua inazidi kuchoka.

Chukua pia mafaili ya mipangilio CONFIG.NT na AUTOEXEC.NT kutoka F:\Windows\System32 kama yapo, na kila faili lenye mkia wa .BAT unalolikuta kwenye skrini ya mwanzo ya mtumiaji. Humo ndimo fundi wa kwanza alimoweka siri zake. Kisha andika vol F: na unukuu namba ya diski inayotokea, kwa sababu zipo programu zilizofungwa kwa namba hiyo. Ukifomati diski namba inabadilika na programu inakukana.

Diski ikitoa mlio wa tik-tik, au kunakili kukikwama pale pale, acha robocopy. Washa kompyuta kwa Linux iliyo kwenye flashi, tazama kwa lsblk diski ipi ni ipi, halafu piga picha ya diski nzima kwa ddrescue ukiwa umesimama kwenye diski nyingine yenye nafasi ya kutosha:

ddrescue -n /dev/sdb picha.img picha.map
ddrescue -d -r3 /dev/sdb picha.img picha.map

Amri ya kwanza inachota yanayochoteka kirahisi, ya pili inarudi kwenye mabovu mara tatu. Faili la .map linakumbuka ilipofikia, hivyo umeme ukikatika tena unaendelea pale pale. Hakikisha mara mbili jina la diski kabla ya kubonyeza Enter.

Sasa nakili ile nakala. Moja iweke pembeni usiiguse kabisa. Kazi yote inayofuata inafanyika kwenye ya pili, tuseme iko D:\KAZI\HESABU.

Hatua ya 2: soma inachosema, neno kwa neno

Watu wengi huniambia, "Nikiibofya inawaka na kuzima." Inawaka, inasema tatizo, dirisha linafunga kabla hujasoma. Dawa ni kuiita kutoka kwenye dirisha la amri. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika cmd, Enter, kisha:

cd /d D:\KAZI\HESABU
dir
HESABU

Ujumbe utabaki. Upige picha kwa simu. Usimwambie fundi "imeandika eror". Mtumie picha, kwa kuwa maneno yale ndiyo nusu ya kazi.

Ukiona "is not recognized as an internal or external command", kompyuta haijaliona faili kabisa. Ama uko kwenye folda nyingine, ama faili limefutwa na programu ya kuzuia virusi, ambazo huwa hazizipendi programu za zamani. Kalitafute kwenye karantini yake kabla ya kulaumu mkato wa umeme.

Ukiona "DOS error" na namba, namba ndiyo habari (DOS ni mfumo wa kompyuta wa kabla ya Windows). 2 ni faili halipo, 3 ni njia ya folda haipo, 4 ni mafaili yaliyofunguliwa kwa pamoja yamezidi, 5 ni kwamba umekatazwa kuandika. Hiyo 5 hutokea sana baada ya kunakili kutoka CD au kutoka diski ya mtu mwingine, na attrib -r *.* /s ndani ya folda huimaliza, au kuitoa programu chini ya Program Files na kuiweka kwenye folda yake yenyewe.

Ukiona "Runtime error 200" kwenye programu ya Pascal, data yako haina kosa lolote. Programu hizo hupima kasi ya kompyuta zinapoanza, na kwenye kompyuta ya kasi hesabu ile inagawanya kwa sifuri. Hutokea pale kompyuta iliyoungua imebadilishwa kwa mpya. Iendeshe ndani ya DOSBox kwa kasi iliyopunguzwa, nitaeleza chini.

Hatua ya 3: je, Windows ni ile ile?

Hili ndilo swali ninalouliza kwenye simu kabla sijapanda gari. Baada ya kompyuta kuzimika, kuna mtu alipiga Windows?

Programu za DOS ni za biti 16. Windows ya biti 32 ina sehemu inayoziendesha, inaitwa NTVDM. Windows ya biti 64 haina. Windows 11, iliyotoka 2021, haina toleo la biti 32 kabisa. Kwa hiyo fundi akiondoa Windows ya zamani ya biti 32 na kuweka mpya ya biti 64, programu itagoma hata kama kila faili ni zima, na utaambiwa haiwezi kuendeshwa kwenye kompyuta hii. Hakuna kiasi cha kuinakili upya kitakachosaidia.

Kuna njia mbili ninazozitumia, zote ni programu zinazoiga kompyuta ya DOS ndani ya Windows. vDos imetengenezwa kwa ajili ya programu za kazi zenye maandishi, na inachapisha kwenye printa ya Windows bila mzozo. Kwa ofisi ya chama ndiyo ninayoipendelea. DOSBox ilitengenezwa kwa ajili ya michezo, lakini ni imara na inafaa pale mtumiaji ni mmoja. Usiitegemee pale kompyuta mbili zinaandika data moja kupitia mtandao.

Kwenye DOSBox watu hukosea jambo moja. Programu ya zamani imekariri njia zake, kwa mfano C:\HESABU\DATA. Ukiiambia DOSBox kwamba C ni folda ya HESABU yenyewe, programu itatafuta HESABU ndani ya HESABU na kukuambia faili halipo. Tengeneza folda ya juu, tuseme C:\ZAMANI, weka HESABU ndani yake, na mwisho wa faili la mipangilio la DOSBox, chini ya [autoexec], andika:

mount c c:\zamani
c:
cd hesabu
hesabu

Kwa ile Runtime error 200, sehemu ya [cpu] weka cycles=3000, kisha panda kidogo kidogo hadi iende vizuri. Na uwafundishe watumiaji kuifunga programu kwa kitufe chake yenyewe cha kutokea. Ukifunga dirisha la DOSBox kwa alama ya X katikati ya kuingiza rekodi, ni sawasawa na kukatika kwa umeme.

Hatua ya 4: vitu vidogo vilivyopotea pembeni

Kama Windows ni ya biti 32 na programu inaanza kisha inakwama kwa DOS error 4, fungua CONFIG.NT iliyo System32 na kwenye mstari wa files=40 weka files=120. Programu ya Clipper 5 inahitaji pia mstari huu kwenye AUTOEXEC.NT:

SET CLIPPER=F:120

Ukiweka mmoja bila mwingine, Clipper inafuata kilicho kidogo.

Kama programu ilikuwa inatafuta data kwenye K: na K: haipo tena, subst K: C:\DATA inairudisha, ila amri hiyo inasahaulika kompyuta ikizimwa. Iweke kwenye faili la .BAT linaloanza pamoja na Windows.

Tarehe nayo. Betri ndogo ya CR2032 kwenye bodi ya kompyuta ikiisha, saa inarudi nyuma miaka mingi, kwenye mashine nyingi za zamani hadi 1980. Programu inakataa kuingiza mizani kwa sababu msimu haujafika, au mbaya zaidi inakubali na kuandika tarehe ya ajabu. Badilisha betri, weka tarehe, endelea.

Hatua ya 5: faharasa, na hapa usikimbie

Kompyuta ni ile ile, Windows ni ile ile, umeme ulikatika tu, na sasa programu inafunguka lakini jina la mkulima halionekani, au orodha inarukaruka, au inatupa kosa ukitafuta namba ya mwanachama. Hapo karibu kila mara ni faharasa.

Fikiria daftari la mizani. Karani anaandika kwa mfuatano wa waliofika: wa kwanza, wa pili, wa tatu. Hilo ni faili la .DBF. Pembeni ana karatasi nyingine yenye majina kwa alfabeti, kila jina na namba ya mstari wake daftarini. Hiyo ndiyo faharasa: .NTX kwa Clipper, .NDX kwa dBASE, .IDX au .CDX kwa FoxPro. Umeme ulipokatika, daftari lilikuwa limeshaandikwa mstari mpya lakini karatasi ya pembeni ilikuwa nusu. Mkulima yumo daftarini. Karatasi ndiyo haimjui.

Karatasi hiyo inaweza kuandikwa upya yote kutoka kwenye daftari. Tafuta kwanza kwenye menyu ya programu: huandikwa REINDEX, au "panga upya faharasa", mara nyingi chini ya huduma au matengenezo. Kama programu haifiki hata kwenye menyu na faharasa ni .NTX, .NDX au .IDX, zibadilishe jina, usizifute:

ren *.ntx *.nt0

Programu nyingi za Clipper zikikosa faharasa huzitengeneza zenyewe zinapoanza. Isipozitengeneza, rudisha majina na utafute njia nyingine. Faharasa za .CDX zinazobeba jina moja na .DBF yake usiziondoe kirahisi, kwa sababu DBF yenyewe imeandikwa ndani kwamba inaye mwenzake, na FoxPro isipomkuta inalalamika. Hizo zipangwe upya kwa menyu au kwa FoxPro.

Na hili nalirudia kwa kila kijana ninayemfundisha: .DBF, .DBT na .FPT hazifutwi kamwe. .DBT na .FPT hubeba maelezo marefu, na DBF iliyopoteza mwenzake wa aina hiyo haifunguki.

Ukipanga upya na bado rekodi za mwisho hazionekani, tazama kichwa cha DBF. Baiti 32 za mwanzo zina habari ya faili, na ndani yake mna idadi ya rekodi. Idadi hiyo huandikwa mwishoni kabisa, kwa hiyo umeme ukikatika rekodi zinaweza kuwa zimeshaingia lakini hazijahesabiwa. Fungua nakala ya DBF kwa HxD, programu ya kutazama na kubadilisha baiti za faili. Baiti ya kwanza iwe 03, au 83 au F5 kama kuna maelezo marefu. Ukihesabu kuanzia sifuri, baiti ya 4 hadi ya 7 ni idadi ya rekodi, ya 8 na 9 ni urefu wa kichwa, ya 10 na 11 ni urefu wa rekodi moja. Zote zimeandikwa kinyumenyume, baiti ndogo kwanza.

Mfano. Kichwa kinasema D5 04 00 00 kwa namba za msingi wa 16, yaani rekodi 1,237. Urefu wa kichwa ni 41 01, yaani baiti 321. Urefu wa rekodi ni 60 00, yaani 96. Faili lenyewe lina baiti 119,362. Toa 321, toa 1 ya alama ya mwisho wa faili, gawa kwa 96: unapata 1,240 kamili. Rekodi tatu zimo, hazijahesabiwa. Shuka mwisho wa faili uone kwa macho yako. Ukiona majina na kilo, badilisha D5 iwe D8, hifadhi, panga faharasa upya, na wakulima watatu wamerudi. Lakini ukiona sifuri tupu, yaani 00 mfululizo, usiongeze kitu. NTFS, mfumo wa Windows wa kupanga mafaili kwenye diski, hulinda mpangilio wa mafaili, hailindi kilichomo, na baada ya umeme kukatika faili linaweza kuwa na urefu sahihi huku mwisho wake ni mtupu. Rekodi hizo zitatoka kwenye karatasi.

Kama HxD inakutia hofu, LibreOffice Calc inafungua DBF na kukuonyesha rekodi kama jedwali. Itumie kutazama tu, tena kwa nakala. Ukihifadhi kutoka humo inaweza kubadilisha urefu wa safu, na programu ya zamani itaikataa.

Hatua ya 6: printa

Programu inapeleka karatasi LPT1, yaani mlango wa zamani wa printa, na kompyuta mpya haina LPT1. Kwenye Windows ya biti 32 ishirikishe printa kwa jina fupi, tuseme RISITI, kisha:

net use lpt1 \\localhost\RISITI /persistent:yes

Printa za nukta zinaelewa maandishi yanayokuja namna hii. Printa nyingi ndogo za bei rahisi haziyaelewi, na hapo vDos ndiyo jibu.

Hatua ya 7: linganisha na karatasi

Programu ikifunguka usifunge begi. Mwite karani akae mwenyewe kwenye kiti. Chapisheni jumla ya kilo za siku tatu za mwisho na mzilinganishe na daftari la mizani na stakabadhi za ghala, siku kwa siku. Siku ya mkato ndiyo itakayopishana. Mtaona mkulima mmoja ameingia mara mbili kwa sababu karani alirudia kubonyeza, na mwingine hayumo. Rekebisheni kupitia programu, si kwa HxD. Kazi hii huchukua saa mbili na hailipwi vizuri, lakini mkulima wa Kitangari hatakuja kuuliza DBF ni nini; atauliza kilo zake ziko wapi.

Kabla hujaondoka waandikie faili la .BAT kwenye skrini ya mwanzo, lenye mstari mmoja:

xcopy C:\HESABU E:\HESABU /E /I /Y

Wapeni flashi tatu, zizunguke, moja kila siku, na programu iwe imefungwa wakati wa kunakili. Flashi moja ilale nyumbani kwa mweka hazina, isikae kwenye droo ya ofisi ile ile. Kama ofisi iko karibu na bahari, kama zilivyo nyingi hapa mjini na kule Lindi, fungua kava la kompyuta mwanzo wa msimu utazame kutu kwenye miguu ya RAM na kebo za diski. Na UPS ijaribuni siku isiyo na kazi: fungeni programu zote, chomoeni plagi ukutani, mhesabu dakika. Ikizima chini ya dakika tano, betri yake inunuliwe kabla ya mnada wa kwanza.